"Nice", "kind", "good" au "fine"? Kuchagua "nzuri" ya Kiingereza kwa kuangalia ukoo wake

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa sekondari, aliniletea barua aliyoiandika kwa Kiingereza kumpendekeza mwanafunzi wake aliyekuwa akiomba ufadhili wa masomo. Barua fupi, sarufi haina tatizo, ila "nice" ilikuwa imejitokeza mara tatu: binti ni "nice", insha zake ni "nice", na darasani yeye ni "nice". Nikamuuliza, "Mwalimu, huyu binti ana nini hasa?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo lililo wazi. "Si nimeandika? Ni mzuri."

"Mzuri wa nini, wa sura?"

"Aa, kaka, usinitafutie maneno. Mzuri tu. Mwema."

Hapo ndipo penye shida. Kiswahili kina "-zuri" na kina "-ema", na ingawa mara nyingi hukopeshana nafasi, kila mmoja wetu anajua yanapoachana. Mtu mzuri anaweza kuwa mzuri wa sura tu. Mtu mwema hajulikani kwa kutazamwa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini tukivuka kwenda Kiingereza tunaibeba tofauti hiyo mpaka forodhani, tunaitua hapo, kisha tunaendelea na safari tukiwa na "nice" peke yake mkononi. Kiingereza kina maneno mengi ya kazi hii. Nitayaweka mezani manne yanayochanganywa zaidi katika barua, ujumbe wa simu na mazungumzo: "nice", "kind", "good" na "fine".

Tuanze na sentensi moja. Unamsimulia Mwingereza habari za daktari aliyekuhudumia. Ukisema "she was nice", amesikia kwamba daktari alikuwa mchangamfu na hukukaa kwa wasiwasi. Ukisema "she was kind", amesikia kwamba alikufanyia jambo ambalo hakulazimika kulifanya: alikutafutia kiti, au alikueleza dawa zako mara ya tatu bila kununa. "She was good" ni habari ya kazi yake, kwamba anaijua, sindano hukuisikia. "She was fine" maana yake huna la kulalamika, na la kusimulia pia huna. Daktari ni yuleyule, habari ni nne. Tena hiyo ya nne inaweza kumfanya msikilizaji ashuku kuna kitu umekimeza.

Njia yangu ya kuyakumbuka ni kuuliza kila neno kwao ni wapi. Asili ya neno haiamui maana yake ya leo, la sivyo tungekuwa tunatukanana kila tunapoambiana "nice", kama utakavyoona. Ila neno hata likihama mji huondoka na tabia fulani za nyumbani. Na katika haya manne kuna jambo lililonifurahisha zaidi: karibu kila moja lina ndugu anayeishi ndani ya Kiswahili, na tunakutana naye kila siku bila kumtambua.

"Nice": mjinga aliyeerevuka

Babu wa "nice" ni neno la Kilatini "nescius", yaani asiyejua. Limeundwa na kikanushi "ne" na kitenzi "scire", kujua. "Scire" hiyohiyo ilizaa "scientia", elimu, ambayo ilipita kwa Wafaransa na Waingereza hadi ikatufikia sisi kama "sayansi". Kwa hiyo "sayansi" na "nice" ni watoto wa nyumba moja, mmoja alijua na mwingine hakujua. Katika Kifaransa cha kale mtu akiitwa "nice" ameitwa mjinga, mzembe, bwege. Kiingereza kililipokea neno hilo mnamo mwaka 1300 na tusi lake likiwa limo ndani.

Safari iliyofuata ni ndefu na ina kona. Kutoka kwa mjinga likaenda kwa mtu wa mambo ya kipuuzi na madoido, kutoka hapo kwa mtu mwenye kuchagua-chagua, asiyeridhika na chakula wala nguo. Mchaguaji huyo, ukimtazama kwa jicho la huruma, ni mtu makini. Basi "nice" ikawa umakini na usahihi. Likasemwa pia juu ya vitu laini, vya kushikwa kwa uangalifu, na kitu laini kwa kawaida hupendeza. Kufikia nusu ya pili ya karne ya 18 ndipo tunakutana na maana tunayoijua, ya kupendeza, na ile ya mtu anayewajali wenzake ikaja baadaye, karne ya 19. Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani.

Njiani lilipishana na "silly", ambalo leo ni upuuzi. "Silly" lilianza safari likiwa na maana ya mtu wa heri, mwenye baraka, kisha likawa mtu asiye na hatia, kisha wa kuhurumiwa, mwisho likaangukia kwenye kiti cha ujinga alichokuwa amekiacha "nice". Kama mtu anataka ushahidi kwamba maneno hayana kabila la kudumu, wawili hao wanatosha.

Ile maana ya usahihi haijafa kabisa. Mwanasheria akiandika "a nice distinction", hasemi tofauti inayopendeza, anasema tofauti nyembamba inayohitaji jicho kali. Nimewahi kuikuta imetafsiriwa "tofauti nzuri", na hoja yote ikapinduka miguu juu. Ukiona "nice" kwenye hukumu au kwenye maandishi ya falsafa, simama kwanza.

Malalamiko kwamba neno hili limechoshwa si ya leo. Katika riwaya ya Jane Austen "Northanger Abbey", iliyotoka mwishoni mwa 1817, miezi michache baada ya mwandishi kufariki, msichana anakisifu kitabu kwa neno hilo, na kijana Henry Tilney anamtania: bila shaka unazungumzia unadhifu wake, na hilo linategemea jalada. Kisha anamwambia kwamba neno hilo limekuwa la kusifia kila kitu. Miaka zaidi ya 200 baadaye hali ni ileile. Kwetu mwenzake ni "poa": mambo poa, msosi poa, jamaa poa, tukutane kesho, poa. Kijiweni hakuna ubaya. Lakini hakuna anayeandika "mimi ni mfanyakazi poa" kwenye barua ya kuomba kazi akatarajia kuitwa kwenye usaili.

Sasa, lichague lini? "Nice" inafaa pale unaposema raha uliyoipata wewe: chai, upepo wa jioni, mtu mliyeongea naye dakika kumi kwenye foleni. Sifa hiyo imekaa moyoni mwako zaidi kuliko ndani ya kitu chenyewe, ndiyo maana haimfungi anayeisema. Kwa mtu mnayeonana mara ya kwanza ni "nice to meet you"; mkionana mara ya pili inakuwa "nice to see you", na hapa wengi tunateleza. Ipo pia "nice and hot" ya chai, ambayo si sifa bali ni ile "vizuri" yetu ya "wali umeiva vizuri". Na glasi ikianguka ikavunjika, mtu akasema "nice!", usishukuru. Hiyo ni "hongera!" ya mama aliyekukuta umemwaga maziwa.

Mji wa Nice ulioko Ufaransa haumo katika ukoo huu. Ni jina la Kigiriki, Nikaia, kutoka Nike, ushindi, na hutamkwa "nis".

"Kind": habari ya damu

Hapa napenda kukaa, kwa sababu hili ndilo neno tunalolihitaji zaidi na kulitumia kidogo. Katika Kiingereza cha kale "gecynde" lilikuwa na maana ya kitu cha asili, cha kuzaliwa nacho, na liko nyumba moja na "kin", jamaa wa damu. Kuwa "kind" ilikuwa kumtendea mtu kama inavyokupasa kumtendea ndugu yako. Sisi hatuhitaji kufundishwa hilo. Kondakta anamwita "ndugu yangu" abiria ambaye hajawahi kumwona, na akishaitwa hivyo, kumpandishia nauli kunakuwa kugumu kidogo. Kidogo tu.

Shakespeare aliuchezea ukaribu huo. Katika tamthilia yake "Hamlet", baba yake Hamlet amekufa, baba mdogo amemwoa mama yake na sasa anamwita mwana. Hamlet anajisemea pembeni kwamba mtu huyo amezidi kuwa "kin" na hakufikia kuwa "kind": undugu umeongezeka, utu wa kindugu haupo. Ukiisoma ukiwa na maana ya leo pekee, unapata nusu ya mzaha.

"Kind" nomino, yenye maana ya aina, ni neno lilelile: vitu vya aina moja ni vitu vya uzao mmoja. Mzizi wake wa mbali ndio ulioipa Kigiriki "genos", uzao, ambayo Waarabu waliipokea kama "jins", nasi tukaipokea kwao kama "jinsi" na baadaye "jinsia". Huyo ndiye ndugu wa "kind" anayeishi kwetu.

Hili la damu kugeuka tabia Kiswahili kinalo pia. Muungwana zamani alikuwa mtu aliyezaliwa huru, mwenye mji wake. Leo ni mtu mwenye adabu na utu, awe amezaliwa wapi. Jina hilohilo ndilo lililoingia Kongo ya mashariki na kukipa Kiswahili cha huko jina la Kingwana. Kiingereza kilimfanyia vivyo hivyo "gentle", ambaye alianza kuwa mtu wa ukoo bora akaishia kuwa mpole, na "generous", aliyeanza hukohuko kwenye nasaba akaishia kuwa mkarimu. Tukiwa hapo tumalize na tafsiri: mpole ni "gentle", mkarimu ni "generous", na "kind" iko karibu na mwema mwenye huruma. Kumwita kila mpole "kind" ni kosa dogo, lakini kuna wapole wengi ambao hawajawahi kumsaidia mtu.

Kinachoitofautisha na "nice" ni kwamba "kind" inadai tendo, na inadai mtu aliyetendewa. Chakula kinaweza kuwa "nice", hakiwezi kuwa "kind". Mtu anaweza kuwa "nice" bila kuwa "kind": yule wa kaunta mwenye mdomo wa asali anayekuchekea, anakuuliza hali ya watoto, kisha anakuambia urudi kesho, na kesho tena. Na mtu anaweza kuwa "kind" bila kuwa "nice" hata chembe. Sote tunaye shangazi anayekugombeza tangu unavua viatu mpaka unaaga, halafu unakuja kusikia kwamba ada ya shule alilipa yeye. Ukimwandikia kadi ya shukrani kwa Kiingereza ukasema "you are so nice", umemdhulumu. Kwanza si kweli, pili umekitaja kicheko ambacho hakukupa na kukiacha kile alichokupa.

Kuna "kindly" ya maofisini mwetu, Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, ile ya "kindly find attached". Ilianza kama heshima: kwa wema wako, naomba. Kati yetu imeshakuwa chumvi ya kila barua na haimuumizi mtu. Lakini kwa Mwingereza, "kindly" ikitangulia agizo inaweza kusikika kama sauti ya mtu aliyekunja uso, hasa ikiwa ni "kindly remove your car". Ukimwandikia wa huko, "please" ni salama zaidi.

"Good": kinachofaa

Kwanza tuondoe uvumi. "Good" na "God" hayana asili moja, hata kama yanafanana na hata kama mahubiri yanapendeza zaidi yakiunganishwa. "Good" linahusishwa na mzizi wa kukutanisha na kuoanisha, uliozaa pia "gather", kukusanya, na "together", pamoja. Kitu "good" ni kile kilichokaa mahali pake, kinachofaa kwa kazi yake. Kisu "good" kinakata. Hata mwizi anaweza kuwa "good" kama wizi anaujua.

Maneno hayo mawili yamewahi kuvaliana kanzu, tena mara mbili, kila mara kwa upande wake. "Gospel" lilikuwa "gōdspel", habari njema, tafsiri ya neno la Kigiriki "euangelion", ambalo kwetu lilikuja kwa njia ya Waarabu likiwa "Injili". Waingereza walitafsiri, sisi tulikopa, halafu na sisi tukatafsiri, ndiyo maana tuna vyote viwili, Injili na Habari Njema. Baadaye wasemaji wa Kiingereza wakaanza kudhani mwanzo wa "gospel" ni "God". Kwenye "goodbye" ikawa kinyume: ilikuwa dua, Mungu awe nawe, "God be with ye", kisha kwa kuigiza "good day" Mungu akatoka, "good" akakaa.

Basi "good" ni hukumu, na hukumu hutaka kipimo. Ndiyo maana neno hili hupenda kufuatwa na kitu: "good at" hisabati, "good with" watoto, "good for" afya. Ukilisema juu ya mtu bila nyongeza, "a good man", umepima maisha yake yote, na ni zito kama "mtu mwema" yetu. Linafaa kwenye rambirambi. "He was a nice man" juu ya jeneza inasikika kama mlijuana kituo cha basi.

"Fine": mwisho wa maneno

Kilatini "finis" ni mwisho. Kilichofikishwa mwisho wake kimekamilika, na kilichokamilika ni bora, kimesuguliwa, kimekuwa laini na chembamba: uzi "fine", mchanga "fine", nguo "fine". Kutoka kwenye mwisho huohuo ikaja "final", nasi tunaenda uwanjani kuangalia fainali. Na ikaja "fine" ya fedha, malipo ya kumaliza shauri, ambayo trafiki anatuandikia kama faini. Fainali na faini, baba mmoja.

Ujanja wa neno hili uko kwenye mahali linapokaa. Likitangulia nomino linasifu: "a fine meal" ni mlo wa kukumbukwa. Likifuata kitenzi linapoa: "the meal was fine" ni kwamba kilikulika. Usimwambie hivyo mwenyeji aliyesimama jikoni tangu asubuhi. "I'm fine, thank you", ile tuliyoimba darasa zima kwa sauti moja, inajibu na kufunga mlango papo hapo. Ukimkaribisha mtu chai naye akasema "I'm fine", usimimine. Amekataa kwa adabu. Na mkibishana, mwenzako akasema "fine" moja kavu, hiyo ni "haya!" ya mtu ambaye ameshachukua mkoba.

Sasa ile barua. Nilimwomba mwalimu aniambie alichokiona, kwa Kiswahili, nami nitatafuta neno. Akasema binti huyu alibaki shuleni jioni muhula mzima akiwafundisha hisabati wanafunzi wa kidato cha pili, na hakuna aliyemtuma. Tukaliandika tendo lenyewe, tukaweka "kind" mwishoni mwa sentensi. Insha je? "Haandiki neno la ziada, kaka. Anaandika kama anapima dhahabu." Tukaandika "precise", nikamwambia kwamba katika karne ya 16 "nice" yake ingekuwa sahihi kabisa. Hakucheka.

Ile ya tatu alikataa kuitoa. Alisema binti ana kicheko kinachoamsha darasa zima saa nane mchana, jua limekaa kwenye bati, walimu wenyewe wanasinzia. Nikajaribu "cheerful", nikajaribu "pleasant", zote zikawa na harufu ya ofisi. Tukaiacha "nice".